Punje Moja ya Sodiamu

Wanafunzi walimwita Mama Maabara, na baada ya miaka ishirini na miwili hata mkuu wa shule alikuwa ameacha kutumia jina lake halisi. Aliingia pale kama mfagizi. Mwaka wa pili, fundi wa maabara aliyekuwepo akaugua mgongo, akawa hawezi kuinua chupa za asidi, na mama huyu akawa mikono yake. Mwaka wa nne fundi akastaafu, funguo zikabaki mfukoni mwa aproni ya mama. Hakuna aliyemteua. Funguo zilikaa tu, na yeye akakaa nazo.

Chumba chake kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya ukuta wa nje na maabara yenyewe. Kilikuwa na sinki la saruji, rafu nne, kiti kimoja, na kidirisha cha kupitishia trei. Humo alisugua mirija ya kupimia kwa brashi, akaandika lebo kwa herufi kubwa, akapanga chupa. Alijua chupa zipi hazikai jirani, kama mwenye harusi anavyojua mawifi gani hawakalishwi meza moja. Walimu wa kemia walikuja na kuondoka. Walisoma daftari zao kwa sauti, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Mama aliosha vyombo na mawazo yake yakawa nyumbani.

Kisha akaja Elektroni.

Jina hilo alipewa wiki ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amesimama mahali pamoja. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu na chaki mpaka kwenye nyusi. Alifundisha huku anatembea kati ya mabenchi, mara yuko dirishani, mara yuko ubaoni, mara kakaa juu ya meza kama mtoto mtundu.

"Chukueni uwanja wa mpira," alisema siku moja, na Mama Maabara akasikia kupitia kidirishani. "Uwanja mzima, na uzio wake. Katikati weka punje moja ya mchanga. Hicho ndicho kiini cha atomi, na karibu uzito wote umo humo. Elektroni ziko kule kwenye uzio, zinarandaranda. Na kati ya punje na uzio kuna nini?"

"Nyasi!" mmoja akajibu, darasa likacheka.

"Hakuna hata nyasi. Hakuna kitu. Meza hii, ukuta huu, mimi na wewe, sote ni utupu wenye kelele."

"Sasa mwalimu, kama wewe ni utupu na mimi ni utupu, mbona ukinipiga kofi naumia?"

"Kwa sababu elektroni za kiganja changu na za shavu lako zote zina chaji hasi. Hazitaki kuonana. Kinachokuuma ni ule ugomvi wao."

Mama Maabara aliacha brashi ndani ya mrija, akatulia. Miaka yote ile alikuwa anaosha vyombo vya watu asiowajua, na leo ndiyo anatambulishwa.

Tangu hapo alipanga kazi zake zenye kelele ziangukie vipindi vya wengine. Elektroni akifundisha, yeye hukaa kwenye kile kiti kimoja na kuandika lebo, shughuli isiyozuia masikio. Akajua kwamba sodiamu ana elektroni kumi na moja: mbili duara la ndani, nane la pili, na moja peke yake nje, haitulii. Akajua klorini ana saba nje na anahangaika kutafuta ya nane. Mmoja hutoa, mwingine hupokea. Aliyetoa hubaki na chaji chanya, aliyepokea hasi, na hapo huvutana wasiachane. Hiyo ndiyo bondi ya ioni.

Darasani kulikuwa na msichana wa benchi la mbele waliyemwita Maswali. Mwili wake ulikuwa mdogo, sauti yake ya kukwaruza, na mkono wake ulikuwa juu kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

"Sodiamu akishatoa elektroni yake, yeye anapata nini?"

"Anapata kutulia," Elektroni akasema.

"Kutulia tu?"

"Mwanangu, ukifika umri wangu utajua hakuna mshahara unaoushinda huo."

Jioni Mama Maabara alimweleza dada yake mkubwa, aliyeishi naye tangu wote wawili wafiwe na waume. Dada alikuwa anachambua mboga. Alisikiliza mpaka mwisho, metali inayowaka majini na gesi inayokaba koo, zikikutana zinakuwa chumvi ya mezani.

"Yaani sumu mbili zimeoana, ndiyo tunatia kwenye chakula?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi si ajabu," dada akasema. "Mimi na marehemu shemeji yako tulikuwa hivyo hivyo, na watu walitusifu."

Wakacheka mpaka mboga zikamwagika. Mama Maabara hakumwambia dada lile lililomkaa moyoni: kwamba alipokuwa shule, kabla baba yao hajafa na masomo yake kukatika, alikuwa mfupi kuliko wote na akawekwa nyuma, kwenye kona yenye nguzo. Katika kemia yote aliyosomeshwa, kitu alichokikumbuka vizuri ni rangi ya nguzo ile.

*

Mwaka wa tatu wa Elektroni, shule ikaletewa sanduku la vifaa. Nusu ya vioo ilikuwa imevunjika njiani. Chini kabisa, kwenye majani makavu, palikuwa na chupa nene ya rangi ya kahawia, na ndani yake madonge ya kijivu yamezama katika mafuta.

Elektroni aliisoma lebo, akaisoma tena. Akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, unajua hii ni nini?"

"Nimesoma lebo, Mwalimu."

"Miaka kumi na moja nafundisha sodiamu. Chuoni kwetu haikuwepo. Shule zote nilizopita haikuwepo. Naapa kwa jina la kitu ambacho sijawahi kukitia machoni." Kwa mara ya kwanza tangu amjue, alikuwa amesimama tuli.

Walipanga vizuri. Beseni kubwa la kioo, maji nusu, matone matatu ya kiashiria yanayogeuza maji kuwa ya waridi pale alkali inapozaliwa. Wanafunzi warudi nyuma ya benchi la pili. Miwani ya kinga ilikuwa minne, ya plastiki, imechubuka mpaka ukivaa unaona dunia kama iko nyuma ya pazia. Wapewe mwalimu na watatu watakaokuwa karibu.

"Na kipande, Mama. Punje ya mchele. Usizidishe hapo."

"Punje ya mchele," Mama akarudia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, baada ya mapumziko. Mwalimu aliitwa ofisini kwa mkuu kuhusu ratiba, akatuma ujumbe kwamba Mama aandae, yeye anakuja mbio. Wanafunzi hamsini na wanane walikuwa wameshaingia, wamebanana kama viberiti kwenye kasha.

Mama alitoa donge kwa koleo, akalifuta mafuta kwa karatasi, akaliweka juu ya kigae. Lilikuwa na ganda gumu la rangi ya majivu. Akaegemeza kisu, kisu kikazama bila ubishi. Ndani mkang'aa. Hakuwa ametegemea mng'ao ule. Ulikuwa mweupe, mpya, kana kwamba hakuna jicho lililowahi kuutazama tangu dunia iumbwe. Na kabla hajashusha pumzi ukaanza kufifia, hewa imeshaanza kuula.

Akakata punje ya mchele, kama alivyoambiwa.

Akaitazama. Ilikuwa ndogo kiasi cha kutoonekana. Akainua macho kwenye kidirisha na kuona benchi la nyuma, wale wafupi wamesimama juu ya vidole, mmoja kapanda begi lake mwenyewe. Wataona nini hawa? Wataona mgongo wa mwenzao. Watasikia "ooh" ya walio mbele, na maisha yao yote watasimulia kwamba sodiamu ni kitu ambacho wengine walikiona.

Akairudisha punje ndani ya mafuta. Akakata tena. Safari hii kipande kikawa kama harage. Harage dogo, alijiambia. Dogo sana. Akakiweka kwenye kisahani.

Elektroni aliingia anahema, koti jeupe mkono mmoja ndani, mwingine unaning'inia.

"Tayari, Mama?"

"Tayari."

Alikichukua kisahani, na macho yake yakatua kwenye kipande. Yalikaa pale muda wa mtu kuhesabu moja mpaka tatu.

"Mbona kama..."

"Ndiyo hiyo hiyo, Mwalimu."

Darasani walikuwa wameanza kugonga meza kwa mdundo, wanaimba, "E-le-ktro-ni! E-le-ktro-ni!" Mwalimu akatabasamu, akatoka na kisahani.

Kilipogusa maji kikalia kama chuma cha moto. Kikayeyuka, kikawa tone la mviringo, likaanza kukimbia juu ya maji huku na kule, nyuma yake likiacha mkia wa waridi, na mikia ikakutana, ikasambaa, mpaka beseni zima likaona haya. Darasa lilipiga kelele za furaha ambazo jengo lile halikuwa limewahi kuzisikia. Hata benchi la nyuma waliona. Mama Maabara, uso wake kidirishani, aliwaona wakiona.

"Maswali, sogea kidogo utuambie rangi!" Elektroni akaita kwa sauti ya kushinda makelele.

Msichana akapiga hatua moja mbele. Ile miwani iliyochubuka ilimsumbua. Akaisukuma juu ya paji la uso, akainama.

Tone lilikuwa limenata kwenye ukuta wa beseni. Lilikuwa limeacha kukimbia.

"Rudi nyu—" mwalimu akasema.

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa kama watu walivyokuja kusimulia baadaye. Ulikuwa kama mlango uliobamizwa na upepo. Beseni likapasuka, maji ya waridi yakamwagika mezani, na Maswali akawa ameketi sakafuni, viganja vyote viwili usoni, kimya kabisa.

Mama alikuwa wa kwanza kumfikia. Bomba la maabara lilitoa uzi wa maji, si zaidi, kwa hiyo alimlaza chali akammiminia chupa moja baada ya nyingine ya maji safi aliyokuwa ameyatonesha mwenyewe kutoka kwenye mvuke wiki nzima. "Fumbua, mwanangu. Jitahidi, fumbua." Mwalimu alikuwa amepiga magoti upande wa pili, anamshika kichwa.

"Nilikuwa naona, Mama," Maswali akasema. "Nilikuwa naona vizuri kabisa."

*

Jicho la kushoto walilitoa wiki ya tatu. La kulia walilipigania miezi miwili, likabaki na utando mweupe. Aliweza kutofautisha mchana na giza, na mtu akisimama kati yake na dirisha alijua kuna mtu. Madaktari walisema alkali ni mbaya kuliko asidi, maana asidi huunguza juu na kusimama, alkali huendelea kuzama. Mama Maabara aliposikia hilo alikumbuka kuwa Elektroni alishawahi kulifundisha, na wanafunzi waliliandika, na pengine liliulizwa kwenye mtihani.

Kamati ya watu watatu ilikuja na mafaili. Walikaa chumba cha walimu siku mbili. Zamu ya Mama ilichukua dakika zisizofika kumi.

"Wewe ni msaidizi hapa?"

"Ndiyo."

"Una cheti cha ufundi wa maabara?"

"Sina."

Mwenye kuuliza aliandika kitu, na tangu hapo hakumtazama tena usoni. "Mwalimu alikipima kile kipande kwenye mizani?"

"Hakukipima."

"Asante, mama."

Neno moja, tena la kweli. Alisimama mlangoni, ameshika kitasa, anasubiri mtu amuulize nani alishika kisu. Hakuna aliyeuliza. Haikuwajia akilini kwamba mkono wa mfagizi unaweza kuwa na sehemu katika jambo kubwa kama lile.  Akafungua mlango, akatoka, na korido ikawa ndefu.

Walipomuuliza mwalimu, kama alivyosimulia karani aliyekuwa anaandika, alijibu sentensi moja: "Kilichoingia kwenye maji nilikiingiza mimi." Ripoti ikasema mwalimu alizembea, na mwanafunzi alivua miwani. Elektroni akafutwa kazi, jina lake likatolewa kwenye orodha ya walimu. Shule zote zikafungwa kwake, kubwa na ndogo.

Alikuja kuchukua vitabu vyake mchana wa Jumamosi, shule ikiwa tupu. Mama alikuwa anamsubiri. Alikuwa amepanga maneno kwa siku kumi na nne. Yakatoka yote mara moja, yamepigana vikumbo.

"Mwalimu, si punje ya mchele niliyokata. Nilikata kubwa. Uliponiuliza nikakudanganya. Ni mimi."

Elektroni aliendelea kupanga vitabu kwenye mfuko. Alikuwa amekonda, na mwendo wake umepungua. Sasa alisimama mahali pamoja kama watu wengine.

"Mama, mimi nina macho," akasema. "Niliiona."

"Uliiona?"

"Kisahani kilipofika mkononi tu. Nilijua kabisa. Miaka kumi na moja nimefundisha ukubwa ule unafanya nini."

"Sasa kwa nini ukaitia?"

"Kwa sababu na mimi nilikuwa na hamu. Niliogopa kupima, nisije nikajua halafu nikalazimika kuirudisha. Uliposema 'ndiyo hiyo hiyo', moyoni nilishukuru. Nilikuwa nimepata wa kunidanganya."

 Mama alikuwa amefikiri kwamba akishasema, kifua kitakuwa chepesi japo kidogo. Sasa aligundua mzigo ulikuwa wa wawili, na haukuwa umepungua hata ratili moja. Kila mmoja alikuwa na mzigo mzima.

"Nitakwenda niwaambie," akasema.

"Uwaambie nini? Watakufukuza wewe. Mimi watanirudisha?"

"Hapana."

"Lile jicho je?"

Mama akaviweka vitabu viwili vya mwisho ndani ya mfuko.

"Basi, Mama." Akainua mfuko, akampa mkono, akaondoka. Baadaye watu walisema wamemwona kwenye duka la mbao mji wa mbali, anapima mbao na kuandika urefu wake kwa chaki. Wengine walisema si yeye, ni mtu anayefanana naye.

*

Mama Maabara alivumilia muhula mmoja. Usiku alilala, mchana ndio uliomshinda. Mirija ilimponyoka. Siku moja aliosha chupa ile ile mara tano. Dada yake alimtazama, akamwambia, "Mdogo wangu, jambo likikukaa kooni, ama ulimeze ama ulitapike. Ukiliacha hapo litakukaba."

Akaenda kwa mkuu wa shule. Mkuu alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo na huruma ya kutosha, na siku zote alikuwa amechoka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga mlango.

"Umeshamwambia nani mwingine?"

"Mwalimu mwenyewe."

"Vizuri. Iishie hapo." Akakaa. "Mama, faili limefungwa. Ukilifungua, watauliza kwa nini maabara ya shule hii ilikuwa mikononi mwa mtu asiye na cheti kwa miaka kumi na nane. Watanijia mimi, watawajia walionitangulia, halafu wataweka kufuli. Watoto mia tano watafanya mtihani bila kushika hata mrija. Unataka hivyo?"

"Nataka ijulikane."

"Ijulikane kwa nani?"

Alitafuta jibu, na swali lile likamkosesha raha, maana lilikuwa swali zuri. Alimwomba basi amhamishie kwingine, jikoni au stoo. Mkuu akatikisa kichwa. Nani mwingine anajua chupa zipi hazikai pamoja?

Likabaki nyumba moja tu.

Mama yake Maswali alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: mashine ya kukanyaga karibu na mlango, vipande vya vitambaa sakafuni, magauni ambayo hayajakamilika yamening'inia ukutani bila mikono. Alikuwa anapinda ukingo wa sare, pini zimepangwa mdomoni. Alimkaribisha mgeni kwa kichwa, akamwonyesha kigoda. Alimkumbuka, ndiye aliyemwosha mtoto macho siku ile. Alizitoa pini ili amshukuru vizuri.

"Usinishukuru," Mama Maabara akasema, na akaeleza.

Mashine ilisimama. Alipomaliza, fundi hakulia wala hakupiga kelele. Alizichomeka pini moja moja kwenye mto wake mdogo, zote, taratibu.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia."

"Nimekuja kukuomba radhi, dada yangu."

"Huu ni mwezi wa tisa tangu siku ile. Nilikuwa nimeshazoea. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumlaani, na yuko mbali, simwoni. Sasa umeniletea mwingine, mpaka mlangoni." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayejadili kipimo cha kiuno. "Wewe ukitoka hapa umeshatua mzigo. Mimi nitatua wapi?"

"Sijatua," Mama Maabara akasema, na ilikuwa kweli, lakini hata yeye alisikia jinsi ukweli ule ulivyokuwa hauna kazi mle ndani.

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Maswali alisimama pale, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Walikuwa wamemwekea jicho la bandia upande wa kushoto, zuri, lenye kung'aa kuliko la kulia. Alikuwa amerefuka. Alikuwa amesikia yote.

"Shikamoo, Mama Maabara."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina swali."

Mama yake akafumba macho.

"Mwalimu alijua? Kile kipande kilivyokuwa kikubwa, aliona akakitia vile vile?"

Mama Maabara alifungua mdomo. Alikuwa ametoka nyumbani na nia moja, kusema kweli yote, na sasa kweli ilikuwa imefika kwenye ncha ya ulimi. Alimtazama mtoto. Kwenye ukuta nyuma ya pazia, pale ambapo msichana hangeweza tena kupaona, lilikuwa bado limebandikwa jedwali la elementi alilolichora kwa mkono, duara za kila atomi zimepakwa rangi, na juu kabisa, kwa mwandiko wa mwalimu, maneno mawili: Kazi safi. Hakuna aliyelibandua. Mtoto huyu alikuwa amepoteza macho, shule, na mitihani. Yule mwanaume mwembamba aliyesema sote ni utupu wenye kelele ndiye pekee aliyebaki bila doa. Ukimwambia alijua, utamnyang'anya na huyo.

"Hapana," akasema. "Hakujua. Alikuja mbio, akaniuliza, nikamwambia ni saizi ile ile. Akaniamini."

"Kwa hiyo alisingiziwa."

"Alisingiziwa."

"Na wewe ulikuwa unajua. Siku zote hizi."

"Nilikuwa najua."

 Uso wa Maswali haukuwa na hasira mwanzoni. Ulikuwa unafanya hesabu, kama alivyokuwa akifanya benchi la mbele. Kisha hesabu ikaisha na uso ukajifunga.

"Basi ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Mimi nililia kwa ajili yake, unajua? Nilipokuwa hospitali. Nilisikia amefukuzwa, nikasema ni kosa langu, nilivua miwani. Miezi yote nilikuwa nasema ni kosa langu." Sauti ya kukwaruza ikapanda. "Kila asubuhi nilikuwa nawaza nimemharibia mwalimu maisha. Kumbe wewe upo, unaosha vyombo!"

"Mwanangu..."

"Usiniite hivyo."

Fundi alikuwa ameshainuka. Hakumsukuma mgeni, alichukua tu pochi yake sakafuni na kumkabidhi, kama mtu anayemkabidhi mteja nguo iliyokwisha. "Usirudi," akasema. "Nakuomba kwa heshima. Hata njia hii usipite."

Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa na shughuli zao. Mama Maabara alitembea mpaka mwisho wa mtaa ndipo akagundua anashikilia pini moja, sijui aliiokota saa ngapi, na imemchoma kiganja. Akaitupa.

Hakumwambia dada yake habari za uongo ule wa mwisho. Hakumwambia mtu yeyote. Alijua tu kwamba amefanya jambo moja ambalo halina wa kumshukuru, na kwamba kama kulikuwa na nafasi ndogo ya kusamehewa katika nyumba ile, ameitoa kwa mikono yake akampa mtu mwingine ambaye hatajua kamwe.

Mwalimu mpya wa kemia alikuwa kijana mpole, mwenye daftari. Alisoma kwa sauti kwamba sodiamu ana elektroni kumi na moja, mpangilio wake mbili, nane, moja, na wanafunzi wakanakili. Chupa ya kahawia ilikuja kuchukuliwa na watu waliovaa glavu. Hakuna aliyeuliza maswali.

Mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya kustaafu, Mama Maabara alikuwa dukani mtaa wa chini, ananunua viazi. Alipogeuka aliwaona wanakuja: Maswali, mrefu sasa, kiganja kimewekwa begani kwa dada yake mdogo, wanatembea mwendo mmoja. Yule mdogo alikuwa anamsimulia kitu cha kuchekesha, na Maswali alikuwa anatabasamu upande mmoja wa mdomo. Walikuwa wanapita karibu sana. Angenyoosha mkono angegusa nguo yake. Alizuia pumzi, akajibana kwenye ukuta, akawa hana sauti, hana harufu, hana chochote, ili mtoto asijue kwamba kati yake na mwanga wa barabara amesimama mtu.

Maswali aligeuza uso kidogo upande ule, kama mtu aliyepitiwa na kivuli. Kisha dada yake akasema, "Angalia ngazi," na wakashuka.

"Mama," mwenye duka akaita, "viazi vyako."

Akavipokea.